Disney Walinunua Shamba, Wakakuta Mahindi ya Mtu

Leo tuongee kuhusu Spider-Man. Usipite, hii si stori ya watoto. Ni stori ya mkataba, na kama unakaa Kitale, Kiminini, Webuye ama Bungoma na unatengeneza video, unachora, unaigiza ama unaimba, inakuhusu kuliko unavyofikiria.

Nikikuuliza Spider-Man ni wa nani, utasema Marvel. Na Marvel ni ya nani? Disney. Sawa, umepata. Sasa nieleze: Disney wana bustani yao ya burudani pale Orlando, Florida, tangu 1971. Ni eneo kubwa, watu wanatoka dunia nzima kwenda huko. Mbona ukifika hupati mchezo wa kupanda wa Spider-Man? Mbona hakuna Hulk? Ukiwataka hao unatoka kwa Disney, unaenda hapo karibu tu kwa mshindani wao mkubwa, Universal, na unalipa kiingilio huko. Mwenye mali hana mali yake nyumbani kwake, na jirani anaiuza mchana kweupe.

Hakuna aliyeiba. Ni karatasi tu.

Tarehe 22 Machi 1994, Marvel waliweka sahihi mkataba na MCA, kampuni iliyokuwa na Universal wakati huo. Wakati ule Marvel walikuwa watu wa vitabu vya katuni. Hizi filamu unazozijua hazikuwepo. Iron Man ya kwanza ilitoka 2008. Kwa hivyo Universal walipokuja na wazo la kujenga kisiwa kizima cha mashujaa, hiyo ilikuwa bahati. Wakakubali. Mei 1999 bustani ya Islands of Adventure ikafunguliwa, ndani yake Hulk, Spider-Man, Doctor Doom na wenzao.

Miaka kumi baadaye, Agosti 2009, Disney wakatangaza wananunua Marvel kwa karibu dola bilioni 4. Mwisho wa mwaka huo biashara ikakamilika. Watu wakashangilia, wakadhani Hulk anahama kesho yake. Wapi! Ule mkataba wa 1994 ulikuwa bado unapumua, na mpaka leo unapumua.

Sisi watu wa Trans Nzoia hii kitu hatuhitaji wakili wa New York atuelezee. Unajua vile mtu anakodi ekari tano za mahindi. Mwenye shamba akiuza katikati ya msimu, yule mnunuzi anakuja na hati yake mkononi, anakuta mahindi yamefika kiunoni. Akitaka kung'oa, anaonyeshwa karatasi: shamba ni lako, lakini mpaka mavuno, mahindi ni yangu. Disney walinunua shamba likiwa na mahindi ya mtu. Tofauti ni moja tu. Huku kwetu msimu unaisha. Mkataba wa 1994 haukuandikwa tarehe ya mwisho. Alimradi Universal waendelee kuendesha ile michezo, waitunze kwa kiwango kilichoandikwa na walipe ada yao, wako shambani. Na hiyo ada saa hii inaenda kwa nani? Kwa Disney, kwa sababu wao ndio wenye Marvel. Yaani Disney wanakula kodi kutoka kwa mpangaji ambaye wangependa sana ahame.

Wacha nikuonyeshe vile karatasi iliandikwa, kwa sababu utamu uko hapo. Marekani iligawanywa kwa mto. Mpaka ni Mto Mississippi. Upande wa mashariki, ambako Florida iko, bustani nyingine yoyote haiwezi kutumia wahusika ambao Universal wanawatumia. Na si mhusika peke yake, familia yake yote. Ukishachukuliwa mtu mmoja wa maana wa kundi la Avengers, ukoo mzima umefungwa. X-Men vilevile. Upande wa magharibi, ambako California iko, wengine wanaweza kutumia wahusika, lakini jina "Marvel" lenyewe lisiwekwe kwenye jina la mchezo wala kwenye matangazo.

Chukua mto wetu wa Nzoia uelewe. Ni kama umekodisha mhusika wako kwa mtu wa Eldoret, halafu mkataba unasema kuanzia daraja la Moi's Bridge kwenda mashariki hakuna mwingine anayeweza kumtumia, na huku Kitale anaruhusiwa lakini jina la ukoo lisitajwe. Kichekesho, lakini ndivyo dunia kubwa inavyoishi.

Na imeishi hivyo kabisa. Juni 2021 Disney walifungua eneo la mashujaa California, likaitwa Avengers Campus. Tafuta neno Marvel kwenye jina hilo, huoni. Lakini mwaka huohuo kule karibu na Paris wakafungua hoteli na neno Marvel likawekwa mpaka kwenye jina la hoteli, kwa sababu ule mpaka wa mto haufiki Ufaransa. Florida nayo ikabidi watafute wahusika ambao Universal hawakuwahi kuwagusa. Wakawapata Guardians of the Galaxy, kundi ambalo mwaka 1994 karibu hakuna aliyekuwa analijali. Mei 2022 mchezo wao ukafunguliwa pale Epcot. Kampuni iliyolipa dola bilioni 4 ilipita dirishani kuingia nyumba yake mwenyewe.

Sasa mashabiki wengi mtandaoni wanasema Universal wana roho mbaya, wawarudishie Disney watu wao. Mimi hapana. Mimi niko upande wa Universal, na nitasema kwa nini.

Universal walikuja wakati hakuna mwingine aliyekuwa anakuja. Walitoa pesa, wakajenga, wakachukua hatari. Disney walinunua baadaye wakijua kila kitu, mkataba waliusoma kabla ya kulipa. Ukinunua shamba lenye mahindi huku unayaona, huwezi kulia baadaye ati mahindi yanakuziba jua. Na zaidi ya hayo, siku tutakapokubali kwamba mkubwa akinunua basi karatasi ya zamani inafutika, ni nani ataumia kwanza? Si Universal. Ni wewe na mimi. Karatasi ndiyo silaha pekee ya mdogo. Tusishangilie ikichanwa, hata kama inamsumbua mtu tunayempenda.

Lakini kuna upande wa pili wa hiyo stori, na huo ndio unaninyima usingizi. Hebu simama mahali pa Marvel mwaka 1994. Hawakuwa wajinga. Walihitaji pesa na jina. Desemba 1996, miaka miwili baada ya ile sahihi, Marvel waliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Mtu aliye hivyo anapoletewa mkataba, haulizi "itakuwaje nikiwa tajiri?" Anauliza "pesa inaingia lini?" Na hapo ndipo shida ilipo. Mkataba unaandikwa siku ya njaa lakini unaishi mpaka siku ya shibe.

Marvel angalau walikodisha. Kuna waliouza kabisa. Mwaka 1938 vijana wawili, Jerry Siegel na Joe Shuster, waliuza haki za Superman kwa dola 130. Mia moja thelathini! Kwa wawili! Superman akazaa mabilioni, wao wakazeeka kwa taabu. Ilifika 1975 ndipo Warner, baada ya kelele nyingi magazetini, wakakubali kuwalipa pensheni ya dola 20,000 kwa mwaka kila mmoja. Waliozaa shujaa wa kwanza wa aina hiyo walilipwa kwa huruma, si kwa haki.

Na Walt Disney mwenyewe aliwahi kuumwa na hiyo nyoka. Kabla ya Mickey Mouse alikuwa na sungura anaitwa Oswald. Mwaka 1928 akagundua kwamba kwenye karatasi, Oswald ni wa Universal. Naam, Universal haohao. Akaondoka mikono mitupu, na ndipo Mickey akazaliwa. Oswald alirudi kwa Disney mwaka 2006 tu, miaka 78 baadaye, kwenye makubaliano ambayo Disney walimwachilia mtangazaji wa mpira Al Michaels aende NBC. Mtangazaji mzima kwa sungura wa katuni. Unaona vile karatasi moja inaweza kufanya watu wazima wabadilishane kama mbuzi sokoni Chwele?

Kwa hivyo hii kampuni inayolinda katuni zake kama dhahabu haikuzaliwa na akili hiyo. Iliumwa kwanza.

Sasa turudi nyumbani.

Tembea Kitale na Bungoma uangalie. Ukuta wa nasari, Mickey. Kasri la kurukia watoto kwenye sherehe ya batizo, Spider-Man. Mathree ya Kitale kwenda Eldoret, Black Panther amechorwa na macho mekundu. Simlaumu fundi wa rangi, analisha familia. Lakini tuwe wakweli mambo mawili. Kwanza, ile picha ina mwenyewe, na kutokuja kwake kudai leo si ruhusa. Pili, na hii ndiyo inaniuma zaidi, tunawapigia matajiri matangazo ya bure kwa rangi yetu, kwa ngazi yetu, kwa jua letu. Mtoto wa Kibomet anamaliza nasari akijua mashujaa kumi wa Amerika na hakuna hata mmoja wa hapa.

Na usiniambie hatuwezi. Machi 2010, Just a Band walitoa video ya wimbo wao "Ha-He", ndani yake jamaa wa ngumi anaitwa Makmende. Ndani ya siku chache Kenya nzima ilikuwa inamchora, inamwekea utani, inamweka kwenye majalada ya magazeti ya kubuni. Hiyo ilikuwa kabla hata wengi wetu kuwa na simu ya maana. Mwaka 2021 ikaja Super Sema, katuni ya msichana shujaa wa Kiafrika, na Lupita Nyong'o ni mmoja wa walioiweka mabega. Kutengeneza tunaweza. Kinachotushinda ni karatasi.

Chukua mfano, nautunga tu ili tuelewane. Kijana wa Kibomet ana mhusika wake, mama mboga mkali anayesuluhisha kesi za mtaa. Video zinakimbia. Msimu wa kupanda unakaribia, duka la pembejeo linampigia simu: "Tutengenezee matangazo matatu, tunakupa elfu kumi na tano." Anaruka. Hakuna kilichoandikwa, ama kimeandikwa ukurasa mmoja ambao hakusoma. Mwaka unaofuata kampuni kubwa ya mbegu inamtaka yule mama mboga kwa laki tatu. Lakini sura yake iko kwenye mabango ya lile duka kutoka Matisi mpaka Kimilili, na wao wanasema, "Huyu ni wetu, tulimlipia."

Je, ni wao? Hapa ndipo watu wengi hushtuka. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, kifungu cha 31, inasema kazi iliyoagizwa na mtu inahesabiwa kwamba hakimiliki yake imehamia kwa yule aliyeagiza, isipokuwa kama mmekubaliana vingine. Soma tena hapo mwisho: isipokuwa mmekubaliana vingine. Yaani ukinyamaza, sheria imeshajibu kwa niaba yako, na imejibu vibaya. Yale matangazo matatu ni ya duka. Mhusika mwenyewe, aliyekuwepo kabla ya duka kupiga simu, una hoja nzuri kwamba ni wako, lakini hoja nzuri bila karatasi ni kesi, na kesi ni nauli, ni wakili, ni miaka.

Lakini sheria hiyohiyo ina ngao yako. Kifungu cha 33 kinasema kuhamisha hakimiliki, ama kumpa mtu leseni ya peke yake, lazima kuandikwe na kutiwa sahihi. Kwa hivyo mtu asikuambie "tulikubaliana kwa simu kwamba hakuna mwingine atakayemtumia." Kwa mdomo unaweza kumruhusu mtu atumie, sawa. Kumfungia wengine mlango, hapana.

Najua mtaniambia: ndugu, wewe unaongea habari za mawakili na sisi tunatafuta unga. Elfu kumi na tano ni kodi ya nyumba. Ukileta masharti, duka litamwita mwingine, na wachekeshaji wako wengi kama kumbikumbi baada ya mvua. Hiyo ni kweli, na sitaipuuza. Mwenye njaa hana nguvu ya kubishana, hata Marvel hawakuwa nayo.

Jibu langu ni hili. Sijasema ukatae pesa. Chukua. Lakini mwenye duka hahitaji mhusika wako milele. Anahitaji kuuza mbegu mpaka mwezi wa nne. Kwa hivyo masharti mengi tunayoogopa kuyaomba, yule mwingine hata hayamuumizi. Andika mistari minne, kwa Kiswahili tu, kwenye karatasi ya daftari: mhusika huyu na jina lake ni wangu na utabaki wangu. Unamtumia kwa kazi hii tu, matangazo matatu ya mbegu. Unamtumia katika kaunti hii na kwenye kurasa zako hizi. Unamtumia mpaka tarehe fulani, ukitaka kuongeza tunaongea tena. Sahihi zenu mbili, jina la shahidi mmoja, tarehe. Hiyo ndiyo mistari ambayo, kama Marvel wangeandika ule wa nne peke yake, Hulk angekuwa amehama zamani.

Na kama mhusika ameanza kushika, songa hatua. Kazi zako unaweza kuzisajili na Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, kupitia mtandao. Jina la mhusika unaweza kulisajili kama alama ya biashara kwa KIPI, inakaa miaka kumi na unaihuisha. Si lazima siku ya kwanza. Lakini usingoje mpaka siku bango liko juu.

Kuna watu hupenda hasira kuliko karatasi. Mnakumbuka 2018 tulivyochemka kuhusu "hakuna matata"? Disney walikuwa wameomba kusajili maneno hayo Marekani mwaka 1994, usajili ukapita 2003, kwa ajili ya nguo. Sisi tukaamka miaka kumi na tano baadaye na ombi la sahihi mtandaoni. Kelele nyingi, usajili ukabaki palepale. Linganisha na kikoi. Kampuni moja ya Uingereza ilipoomba kusajili neno "Kikoy" huko kwao, Wakenya waliweka pingamizi mwaka 2007, wakati mlango ulikuwa bado wazi, na lile ombi likaachwa. Uchungu ulikuwa uleule. Tofauti ilikuwa ni kufika kwa wakati na kufika na karatasi.

Neno la mwisho ni kwa kaunti zetu, Trans Nzoia na Bungoma. Tuna Mwambu na Sela, watu wa kwanza katika simulizi za Wabukusu. Tuna Mutonyi Bukelembe na unabii wake. Tuna Elijah Masinde aliyewasumbua Waingereza na Dini ya Msambwa. Tuna ngano za manani ambazo nyanya zetu walitutishia nazo. Hizi hazina Universal wala Disney. Tangu 2016 kuna Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Sanaa za Kitamaduni, na inazipa kaunti kazi ya kuandikisha mali hii pamoja na jamii zenyewe. Wazee wanaojua hizi stori wanazeeka. Siku mtu wa studio ya mbali atakapotengeneza filamu ya Mwambu, mimi nitafurahi, kweli. Lakini nataka akute kuna mlango wa kubisha na watu wa kuongea nao, si shamba lisilo na ua.

Wewe mchoraji wa Bungoma, anza na ukuta mmoja wa nasari. Mchore Sela badala ya Mickey, uweke jina lako chini kwenye kona. Na mwenye shule akikuuliza utamwuzia mchoro kwa shilingi ngapi, mwambie: ukuta ni wako, mchoro nakukodisha. Halafu mtoe karatasi muandike mpaka lini.